Walipima kupoa, swali lilikuwa kuganda

Henry Burridge na Paul Linden waliharibu jaribio lao kabla ya kusoma kipimajoto hata mara moja. Katika makala yao ya Novemba 2016 kwenye jarida la Scientific Reports, waliamua kuwa athari ya Mpemba, yaani dai kwamba maji ya moto huganda kabla ya yale ya baridi, itapimwa kwa muda ambao maji hutumia kufika nyuzi sifuri, na saa isimame hapo. Kuganda kwenyewe wakakuweka nje ya mlango. Kisha wakatangaza kwamba hawakuona ushahidi wowote wa maana kuwa maji ya moto huyatangulia ya baridi. Lakini mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba hakuuliza ni maji gani hufika sifuri kwanza. Alitia maziwa ya moto kwenye friza ya shule ya Magamba, Lushoto, sambamba na maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa, na saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameganda huku ya mwenzake yakiwa bado uji mzito. Swali lilikuwa la barafu. Ukibadilisha swali, jibu lako haliwezi kuwa hukumu juu ya swali la kwanza, hata likiwa limepimwa kwa uangalifu mkubwa kiasi gani.

Tazama kilichoachwa nje kwa uamuzi ule. Gramu moja ya maji ikishuka kutoka nyuzi 20 hadi sifuri hutoa joto la jouli 84 hivi. Gramu hiyohiyo ikigeuka barafu, bila kushuka hata nyuzi moja zaidi, hutoa jouli 334. Kwa hiyo aliyesimamisha saa kwenye sifuri amepima sehemu moja ya kazi na kuziacha nne. Tena sifuri si lango la barafu. Kila aliyesoma kemia ya kidato cha pili anajua kwamba maji yanaweza kupoa kupita kiwango cha kuganda yakabaki kimiminika, kwa sababu fuwele ya kwanza inahitaji kiini cha kuanzia: chembe ya vumbi, mkwaruzo kwenye kioo, uchafu ambao jicho halioni. Bika mbili zinaweza kupita sifuri dakika moja, kisha moja ikaganda mapema na nyingine ikashuka nyuzi kadhaa zaidi ikiwa bado maji. Tofauti yote kati ya Mpemba na mwenzake inaweza kuwa imejificha hapo hasa, katika eneo ambalo watafiti hawa walikataa kulikanyaga.

Na hapo ndipo kemia ina la kusema. Maji yakichemshwa hupoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake. Yakiwa magumu, hupoteza pia sehemu ya madini yake: bikabonati ya kalsiamu huvunjika, kabonidioksidi ikatoka, kabonati ikatua chini kama chokaa. Katika visiwa vya matumbawe, maji ya kisima hupita kwenye mwamba wa chokaa, na ukoko mweupe ndani ya birika ni ushahidi ambao kila nyumba inao. Maji yaliyochemshwa basi si yaleyale yaliyoongezewa joto tu. Mchanganyiko wake umebadilika, na badiliko hilo linaweza kugusa namna yanavyoganda bila kuonekana katika muda wa kufika sifuri.

Watetezi wa Burridge na Linden wana hoja mbili, nazo si dhaifu. Ya kwanza ni kwamba kuganda kunategemea bahati, hakurudiki kwa usawa, kwa hiyo mtafiti makini hupima kinachopimika. Lakini dawa ya bahati ni kurudia mara nyingi na kuhesabu. Kulikimbia tukio si dawa. James Brownridge wa Binghamton, jimbo la New York, alikuwa ameshaonyesha njia mwaka 2011: alirudia, akafuatilia hadi barafu, akakuta kwamba maji ya moto hutangulia pale yale ya baridi yanapopoa zaidi chini ya sifuri kabla ya kuganda. Hoja ya pili ni kwamba hata Denis Osborne, mwanafizikia aliyeandika pamoja na Mpemba, alipopima Dar es Salaam, aliandika muda wa maji kuanza kuganda, si muda wa kumaliza. Ni kweli. Lakini kuanza kuganda si kufika sifuri, na anayezifanya hizo mbili kuwa kitu kimoja amefuta kwa kalamu jambo aliloitwa kulichunguza. Burridge na Linden walipoonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja kunaweza kuzua athari ya uongo, walifanya kazi safi, nami naikubali bila shaka.

Osborne hakuwa na vifaa vya maabara kubwa. Alikuwa na friji ya kawaida na bika zenye mililita 70 za maji, zimekalishwa juu ya povu la kuzuia joto. Fundi wake alipoona maji ya moto yametangulia, aliahidi kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane, na hata hivyo alileta alichokiona. Osborne akaendelea kuuliza. Je, ni mvukizo uliopunguza maji? Akakuta kiasi kilichopotea hakitoshi. Je, joto linatokea juu? Akatandaza mafuta usoni mwa maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Makala ya 1969 ilitoka kwa majina mawili, jina la mwanafunzi likitangulia. Alianza na tukio, akaacha maelezo yafuate.

Kinyume chake alikuwa mwalimu wa Mkwawa, Iringa, aliyemwambia Mpemba kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Alikuwa ameshika kanuni ya Newton ya kupoa, ambayo haisemi lolote juu ya fuwele kuzaliwa, akaitumia kufungia mlango wa jaribio. Hata chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliteleza mwaka 2012 kwa kutanguliza maelezo kabla ya tukio: kilitoa pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja zaidi ya 22,000, wakati tukio lenyewe lilikuwa bado na ubishi. Nikola Bregović wa Zagreb aliyeshinda angalau alipima mwenyewe.

Jaribio ambalo Burridge na Linden walipaswa kulifanya halihitaji fedha nyingi. Maji ya chanzo kimoja yagawanywe mafungu matatu: la moto, la baridi, na lililochemshwa kisha likaachwa lipoe, ili joto litenganishwe na athari ya kuchemsha. Bika ziwe za aina moja, zibadilishwe nafasi ndani ya friza kila mara, na muda uandikwe mara tatu: maji yanapofika sifuri, fuwele ya kwanza inapoonekana, na tone la mwisho linapoganda. Jedwali lao lina safu ya kwanza tu.