Diatomu ya Ziwa Chala na Fani ya Kueleza Spishi Mpya

Mwaka 2016 watafiti Christine Cocquyt na Els Ryken walichapisha maelezo ya diatomu mpya kutoka Ziwa Chala, lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania karibu na Taveta. Waliiita Afrocymbella barkeri. Haikuwa adimu, ilijaa tele ziwani, ila haikuwa na jina lake. Maandishi ya namna hii huonekana kuwa orodha kavu ya vipimo. Ukiyasoma kwa jicho la mhakiki, utakuta ni utanzu kamili, wenye ustadi wa hali ya juu, na wenye pengo ambalo msomaji wa nchi iliyozungukwa na nyanda kame kama yetu ya Mbooni, Ukambani, analihisi upesi.

Tuanze na muundo. Kanuni ya kimataifa ya majina ya mwani, kuvu na mimea inataka spishi mpya ya mwani hai, tangu 1 Januari 1958, iwe na picha au mchoro unaoonyesha sifa zake bainifu, na kielelezo cha msingi kinachotajwa waziwazi. Maelezo yalipaswa kuwa ya Kilatini hadi mwisho wa 2011. Tangu 2012 Kiingereza nacho kinakubalika. Ndani ya mipaka hiyo mwandishi hutaja jina, umbo, kielelezo na hifadhi yake, mahali kilipotoka, asili ya jina, kisha ulinganisho na jamaa za karibu. Anayejua arudhi hatashangaa kwamba vizuizi vikali ndivyo vinavyodhihirisha ufundi. Kila dai lina pa kuhakikiwa: asiyekubali anaweza kwenda kwenye hifadhi, akakiweka kielelezo chini ya hadubini na kuhesabu upya.

Mtindo nao una hekima. Urefu hautolewi kwa tarakimu moja, bali kwa mpaka wa chini na wa juu. Mistari ya ganda huhesabiwa katika kila mikromita 10. Sababu iko katika maisha ya kiumbe. Diatomu ni mwani wa seli moja aliyejijengea ganda la silika lenye pande mbili, mmoja ukiufunika mwingine kama kawa na chungu. Seli ikigawanyika, kila mtoto hurithi upande mmoja, akaufanya kifuniko, kisha hujijengea upande wa ndani ulio mdogo zaidi. Katika vizazi vinavyofuatana, wengi hupungua ukubwa hadi uzazi wa kijinsia urejeshe ukubwa wa mwanzo. Kwa hiyo mhusika wa maelezo haya ni ukoo mzima katika umri wake wote, na mwandishi anayepima maganda machache tu amemchora mhusika nusu.

Kilele ni ulinganisho. Jenasi ya Afrocymbella, iliyoasisiwa na Kurt Krammer mwaka 2003, ina ganda lenye ubavu mmoja uliopinda kuliko mwingine, mithili ya Cymbella, na ncha moja pana kuliko nyingine, mithili ya Gomphonema. Kiumbe wa katikati namna hiyo hatambulikani kwa sifa moja; hutambulikana kwa namna sifa zake zinavyokutana. Hapa ndipo mwandishi hodari hujitenga na mwenye papara ya kugundua. Katika maelezo ya diatomu, sentensi ninayoiheshimu kuliko zote ni ile isemayo kwamba spishi inajulikana hadi sasa kutoka mahali ilipochukuliwa pekee. Haidai kwamba haiishi kwingine. Inasimama pale ushahidi unapoishia.

Pengo ni mahali penyewe. Mara nyingi hutajwa jina la ziwa, mwinuko, tarehe, basi. Ilhali diatomu ni shahidi wa maji, na ushahidi wake haufasiriki bila habari za maji hayo. Chala kunatufundisha hili. Katika miezi ya upepo na ukavu, Juni hadi Septemba, maji huchanganyika hadi kina kirefu, virutubisho hupanda, diatomu hustawi, na maganda yao huacha utando mweupe topeni. Mwaka 2011 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha kwamba unene wa tabaka za tope hilo hufuata mapigo ya El Niño na La Niña. Ukame tunaoujua Ukambani umeandikwa mle.

Sasa fikiria spishi itakayoelezwa kutoka vijito vya Mbooni, ambako utelezi wa kahawia juu ya mawe ni makao ya diatomu. Milima yetu ni kisiwa cha kijani kati ya nyanda kavu. Kuandika "kijito, Mbooni, Kenya" hakutoshi. Je, maji yalichotwa Septemba, yakiwa yamebaki madimbwi, au Novemba, katika mvua tunazozitegemea? Yalitiririka juu ya mwamba, au yalichujika kutoka bwawa la mchanga? Juu ya kijito kulikuwa na msitu au shamba la kahawa? Chumvi na virutubisho hubadilika kwa kila jibu, na jamii ya diatomu hubadilika navyo.

Fani iliyojifunza kuhesabu mistari ndani ya mikromita 10 haina udhuru wa kulipitia bonde kwa neno moja. Ipewe aya ya mahali yenye vipimo vya maji, majira na matumizi ya ardhi, iandikwe kwa uangalifu uleule unaopewa ganda. Hapo maelezo ya spishi yatamfaa mtaalamu wa majina, na pia mkulima anayetaka kujua maji yake yamepatwa na nini.