Mstari Mmoja, Ng'ombe Wawili

Alfajiri uwanjani Khayega, fahali wawili wakishafungana pembe, huwezi tena kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Ngoma za isukuti zinalia, filimbi zinapulizwa, na katikati ya umati pana kitu kimoja chenye miguu minane na nundu mbili, kinajisukuma chenyewe. Nimekulia kwenye mandhari hiyo. Nilipozirudia picha za Jak Katarikawe hivi karibuni, niliiona humo tena, nikaamini kwamba tumekuwa tukimsifu mchoraji huyu kwa jambo dogo na kuliacha kubwa.

Sifa tuliyompa ni ya mwota ndoto. Alizaliwa Kigezi, Uganda, hakupata elimu ya shule, akawa dereva wa Profesa David Cook wa Makerere, akatiwa moyo na mchoraji Sam Ntiro, kisha akahamia Nairobi, ambako Gallery Watatu iliuza kazi zake. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Frankfurt lilimwandalia maonyesho. Hadithi ya maisha hayo ni tamu mno. Naye mwenyewe alikuwa msimulizi hodari: ukisimama mbele ya picha yake anakupa kisa cha ng'ombe wapendanao, unafurahi, na hapo hapo unaacha kutazama. Alifariki mwaka 2018. Sasa tumebaki na picha zenyewe, na ni haki yake tuzisome kama picha.

Tuanze na mstari. Chukua ng'ombe wawili walioegemeana, umbo alilolirudia miaka nenda miaka rudi. Shingo ya mmoja inapanda, inapinda, na mpindo huohuo unageuka kuwa mgongo wa mwenziwe. Si mistari miwili iliyokaribiana. Ni mmoja, umebebeshwa kazi mbili. Ufuate kwa kidole: utaanza na ng'ombe wa buluu na kumalizia kwa wa waridi bila kukiinua. Pembe nazo ni zile ndefu za ng'ombe wa Ankole, lakini hazipo kwa ajili ya kutisha wala kupamba. Zinapanda hadi karibu na ukingo wa juu, zinajikunja, na kulirudisha jicho chini kwenye miili.

Watu huona ng'ombe wa zambarau wakatabasamu, wakasema mzee alikuwa na mawazo ya kitoto. Hapana. Miili miwili ikishiriki mpaka mmoja, kinachobaki kuitenganisha ni rangi tu. Ondoa zambarau, weka hudhurungi ya ngozi halisi pande zote mbili, na picha inakuwa donge. Rangi ile inayoonekana ya mzaha ndiyo inayoishikilia picha nzima. Kisha tazama anavyoilegeza kila anapoukaribia mpaka, ikawa kama pumzi ya mnyama mmoja inampasha joto mwingine.

Kuna waliomlinganisha na mchoraji Marc Chagall, kwa kuwa wote wawili wana ng'ombe, wapenzi na rangi za usiku. Ulinganisho huo hautufikishi mbali. Chagall humnyanyua mnyama kutoka ardhini na kumpa anga la kuelea. Katarikawe huwasonganisha wanyama hadi ardhi yenyewe inakosa pa kukaa. Mmoja anatafuta nafasi, mwingine anaimaliza.

Si kila kazi yake inafikia hapo. Pale mnyama aliposimama peke yake, mstari unakosa wa kushirikiana naye na picha inapoa; kazi za namna hiyo sizitetei.

Nilimpelekea jirani yangu, mzee aliyefuga fahali wa kupigana maisha yake yote, nakala ya picha moja ya ng'ombe wawili. Nilitarajia aniulize ni yupi anayeshinda. Aliikodolea macho kitambo, akapitisha ukucha kwenye ule mpindo wa shingo na mgongo, akarudia mara ya pili.

"Mwanangu, hawa hawapigani," akasema. "Fahali akitaka kugonga, lazima kwanza arudi nyuma. Huyu utamrudisha wapi?"