Soko la Mahindi la Kibaigwa

Kibaigwa ni mji mdogo wa wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Nchi yake ni kame, ya mvua za msimu mmoja. Waingereza waliijaribu kwa karanga mwaka 1947 wakashindwa, mradi ukafutwa mwaka 1951. Wakulima wadogo wameendelea kulima hapo, na soko la nafaka la Kibaigwa ni matunda ya jasho lao na la wenzao wa wilaya jirani ya Kiteto.

Mavuno yakishakauka, malori hushuka na mahindi ya vijijini. Mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, punje zikateremka kiganjani. Huzitazama, huzinusa, kisha huitafuna moja: ikivunjika kwa mlio mkavu, mahindi yamekauka, ikibonyea, hurudishwa juani. Ujuzi huu haufundishwi darasani, na unastahili heshima ya fundi yeyote.

Jambo jema zaidi ni mizani. Shambani mkulima hupunjwa kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba hadi kupita kilo 100 kwa bei ileile ya gunia la kawaida. Mzigo ukipimwa kwa kilo, kila debe analolitolea jasho linahesabiwa.

Baada ya hapo ni kazi ya makuli, wanaopanda ubao mwembamba na gunia begani hadi lori lijae, na ya mama lishe wanaowapikia tangu alfajiri.