Baba Asiyeandikwa: Daftari la Ndoa na Uzazi wa Mababu Ufipa

Anayemtafuta baba wa bibi yake huko Ufipa huanza kwa kuuliza cheti cha kuzaliwa, na mara nyingi huishia mlangoni. Sheria ya usajili wa vizazi ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika wa Tanganyika kuandikisha watoto wao. Sensa nayo haimfikishi mbali. Ile ya 1931 kwa Waafrika ilitegemea sana hesabu za machifu na za vitabu vya kodi. Za 1948 na 1957 zilitolewa kama jumla za watu na makabila, si majina. Vitabu vya kodi vina majina, lakini ni ya wanaume waliodaiwa. Mwanamke humo ni nyumba tu ya mtu fulani.

Kinachobaki ni madaftari ya parokia. Mapadre Weupe walishika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, kisha wakafungua misheni uwandani: Kate, Mwazye, Chala na nyinginezo. Kila misheni ilikuwa na kitabu cha ubatizo kwa Kilatini: jina, tarehe, wazazi, msimamizi, padre. Watafutaji wengi hufungua kitabu hicho, husoma mstari wa baba, hufunga. Naona hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu mstari ule ulijazwa kwa kanuni ambayo haikuwa kanuni ya kijiji.

Sheria ya Kanisa ya 1917, iliyoanza kutumika Mei 1918, ilitaka hivi kwa mtoto wa nje ya ndoa: jina la mama liandikwe ikiwa umma unajua ni mama yake, au akiomba mwenyewe. Jina la baba liandikwe tu ikiwa yeye mwenyewe amemwomba padre kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, au uzazi wake unajulikana kwa hati rasmi. La sivyo, mtoto aandikwe kuwa wa baba asiyejulikana. Sasa ongeza jambo lingine. Tangu Pasaka ya 1908 ndoa ya Mkatoliki iliyofungwa bila padre na mashahidi haikuhesabiwa kuwa ndoa. Wazazi wawili wasiobatizwa waliooana kwa mila walikuwa mume na mke halali machoni pa padre, na mtoto wao aliandikwa pamoja na jina la baba yake. Wazazi waliobatizwa waliooana kwa mila hiyohiyo, mbele ya ukoo mzima, wangeweza kuona mtoto wao anaandikwa kama hana baba. Maneno ya Kilatini *pater ignotus* basi yanatuambia kuwa sharti fulani halikutimizwa. Hayasemi kwamba kijiji hakikujua baba ni nani.

Kwa hiyo baba huyu atafutwe katika daftari la ndoa, kwa sababu Kanisa lenyewe lilikuwa na hofu ya undugu. Sheria ya 1917 ilikataza ndoa za ndugu wa damu hadi daraja la tatu, yaani watu wenye mzazi mmoja wa babu au bibi. Kabla ya hapo katazo lilifika kizazi kimoja nyuma zaidi, na tangu 1983 limerudi hadi kwa watoto wa ndugu wawili. Paroko hakuweza kufungisha ndoa bila kuchunguza ukoo wa pande zote mbili. Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani Jumapili tatu au sikukuu, na kila mwumini aliyejua kizuizi aliamriwa kukisema. Mama aliyenyamaza siku ya ubatizo asingeweza kuzuia shangazi kusimama siku ya matangazo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana amebatizwa Mwazye mwaka 1932, baba hajulikani. Ukoo unataja wanaume wawili: mmoja wa kijiji jirani, mwingine aliyekuwa ameondoka kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa. Tazama kwanza pembeni mwa mstari wa ubatizo, kwa maana ndoa ilipaswa kuandikwa humo hata ikifungwa parokia nyingine. Pembeni pamesomeka Kate, 1950. Ukienda Kate unakuta ndoa ilifungwa kwa ruhusa ya kuondoa kizuizi cha damu, daraja la tatu. Bibi arusi na bwana arusi wana mzazi mmoja wa babu au bibi. Ukoo wa bwana arusi unajulikana, na ukoo wa mama wa bibi arusi hauugusi popote. Undugu ule hauna njia nyingine ila kupitia baba, na kati ya wanaume wawili waliotajwa ni mmoja tu anayetoka katika uzao huo. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa yeye ndiye baba, lakini aliyeomba ruhusa ile aliamini hivyo, na padre, katekista na wazee waliokuwa hai walimsikia.

Ukikosa ruhusa ya namna hiyo, usichukulie ukimya kuwa ushahidi. Rudi kwenye daftari la familia za parokia, *Status Animarum*, ambalo liliandika kila kaya na wakazi wake. Hiyo ndiyo sensa halisi ya uwanda huu. Angalizo moja: kila mwaka nakala za madaftari mengine zilitakiwa kupelekwa kwa askofu, lakini hili liliachwa parokiani. Likiharibika huko, hakuna lingine.

Majina yatazamwe kwa jicho pana. Mapadre waliandika kwa masikio ya Kifaransa, wakiweka *ou* mahali pa *u*, na *l* na *r* zikibadilishana. Kusini mwa uwanda, kwa Wanyamwanga, kaka ni Simukonda na dada ni Namukonda, na msomaji asiyezoea hudhani ni koo mbili. Jua pia parokia ilivyogawanyika: parokia ya leo iliyokuwa kigango haina vitabu vya kabla haijajitegemea. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina kuwa Sumbawanga mwaka 1969, na Karema yenyewe tangu 2000 iko Jimbo la Mpanda, kwa hiyo omba kwa ofisi husika.

Vinasaba vinaweza kusaidia, na Tanzania vipimo hivyo husimamiwa chini ya sheria ya mwaka 2009, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini kama wanaume waliotajwa ni ndugu wa baba mmoja, kwa mfano pale ndugu alipomrithi mjane, vipimo kwa vitukuu hupata shida kuwatenganisha. Daftari la ndoa nalo halitawatenganisha, maana undugu na bwana arusi ungekuwa uleule kwa wote wawili. Hapo andika majina yote mawili, uweke na tarehe za kila mmoja kuwapo kijijini.