Shule Inayowaenzi Wanafunzi Wake

Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, inastahili pongezi, na shule za Kitengela na Kajiado zina la kujifunza kwayo. Wanafunzi wake wa zamani waliotwaa ubingwa hukumbukwa kwa miti iliyopandwa shuleni. Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Matthew Birir akashinda ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Barcelona, 1992. Mwanafunzi wa leo hahitaji kuhubiriwa kwamba ushindi unawezekana: aliyeupata alisomea papo hapo.

Watakuwepo wa kusema kwamba heshima hizi hula fedha za vitabu na huwasahau wasio wanariadha. Hoja ya kwanza haina mashiko. Mche na ubao wa majina havifilisi shule. Ya pili ina uzito, na dawa yake ni kupanua orodha: timu ya voliboli, muuguzi, mwalimu aliyerudi kufundisha kwao. Kajiado haianzi patupu. Tangu 2012, Olimpiki ya Wamaasai huko Kimana imewapa morani sifa ya kukimbia na kurusha mkuki badala ya kuua simba. Walimu wakuu na wazazi, yaandikeni majina ya vijana wenu kabla hayajasahaulika.