Amplifaya Ndogo Iliyolemewa

Mpiga gitaa aendaye dukani kununua amplifaya aghalabu huanza kwa kuuliza wati, akidhani kuwa kadiri zinavyozidi ndivyo chombo kinavyokuwa bora, ilhali swali lenye faida zaidi ni kiwango gani cha sauti kitakachokilemea chombo hicho, na kama mahali kitakapopigiwa pataustahimili mshindo wake.

Ushahidi umo katika santuri ya mwanamuziki wa blues John Mayall iliyotolewa na Decca huko London mwaka 1966, ambamo Eric Clapton alipiga gitaa la Gibson Les Paul kupitia amplifaya ya valvu ya Marshall, yenye spika mbili za inchi 12 katika sanduku moja na nguvu za takriban wati 30. (Nambari yake katika orodha ya kiwanda ni 1962, nayo imewapoteza wengi waliodhani kuwa ni mwaka.) Clapton alitaka kupiga studioni kwa sauti ile ile ya jukwaani, akakataa katakata kuipunguza, hata fundi wa kurekodi Gus Dudgeon, aliyezoea wapigaji watulivu, akalazimika kuisogeza maikrofoni mbali.

Ukaidi ule ulikuwa na hoja. Valvu huyakuza mawimbi kwa uaminifu hadi ukomo wake, na ikisukumwa kupita hapo vilele vya mawimbi hubanwa na kuviringika, zikazaliwa sauti za juu ambazo nyuzi hazikuzitoa kwa nguvu hiyo, huku noti iliyopigwa kwa kishindo ikizuiwa na ile inayofifia ikibaki karibu na kimo chake, hata mlio ukadumu kama wa fidla. Na Les Paul, kwa kuwa pikapu zake za koili mbili hutoa mawimbi yenye nguvu, iliifikisha valvu kwenye ukomo huo upesi. Lau Clapton angalipunguza sauti, angaliipoteza ladha pamoja na kelele.

Sasa tutazame hesabu. Kutoka wati 50 hadi 100 huongezeka desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu huhitajika takriban wati mara kumi. Kwa hiyo anunuaye wati 100 kwa ajili ya chumba amejinunulia ukimya, maana hatathubutu kuufikia mlio anaoutamani, ambao wati 5 zingalimpa. Ama mpiga solo wa rumba, ambaye noti zake sharti zisikike moja moja juu ya tarumbeta na ngoma, huyo yampasa awe na wati za akiba, kwa kuwa kwake amplifaya kulemewa ni aibu.

Yeyote kati yao, iwapo chombo chake ni cha valvu, asikiwashe kabla ya kuunganisha spika yenye omu zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya, kwani transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo huweza kuungua, nayo ndiyo kipuri ghali kuliko karibu vyote vilivyomo sandukuni.