Wati Elfu Kumi za Kubuni

Hadithi za kubuni zinazosomwa zaidi Nairobi haziko kwenye maduka ya vitabu. Ziko Luthuli Avenue, zimechapwa kwenye maboksi ya wufa: wati 10,000 PMPO.

Soma boksi hilo vile ungesoma riwaya, ukijiuliza nani anasimulia na anaficha nini. Hiyo PMPO inadai kuwa nguvu ya juu kabisa ambayo chombo kinaweza kutoa kwa kufumba na kufumbua, ila hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kuipata. Kila kiwanda kinajiandikia. Sasa geuza chombo chenyewe. Nyuma, kwa herufi ndogo, kibandiko kinasema kinakula umeme wati 60. Hapo msimulizi ameshikwa. Kinachokula 60 hakiwezi kutoa elfu kumi, hata ukikiombea.

Wamarekani walichoka na hizi hadithi mapema. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ilitoa kanuni ya kuwalazimisha wauzaji wa amplifaya za nyumbani wataje nguvu inayotoka mfululizo. Miaka minne baadaye NAD, kampuni iliyoanzia London, ikatoa 3020, iliyoundwa na mhandisi Erik Edvardsen. Ni amplifaya inayobeba kazi mbili kwenye sanduku moja: nusu moja inachagua na kupima sauti, nusu nyingine inaitia nguvu ya kusukuma spika. Wati 20 kila upande. Ishirini tu, bana! Na sura yenyewe ya kijivu haimvutii mtu. Lakini ngoma ikigongwa ghafla ilipita hizo 20 kwa muda mfupi, na ilikuwa na swichi ya kulainisha sauti ikizidiwa badala ya kuikata kwa ukali. Ilipendwa hadi leo watu wanaitafuta.

Kwani wati 20 zinatosha? Spika nyingi za nyumbani hutoa karibu desibeli 88 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Hiyo tayari ni kelele kwenye keja. Ukitoka wati 20 hadi 40 unaongeza desibeli 3 pekee. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hivyo siku nyingi utakuwa unatumia wati moja, pengine hata haifiki. Hiyo wati moja ndiyo unayonunua. Swali ni kama ni safi.

Na hapa ndipo mimi huwa nakasirika kidogo. Chukua benga, tuseme D.O. Misiani na Shirati Jazz. Besi kwenye benga haipo kutingisha dirisha. Inaimba wimbo wake, inajibizana na gitaa la solo, na ule utamu wote uko kwenye kufuata nani amesema nini. Wufa ya boksi inavimbisha noti mbili tatu za chini na kumeza zilizobaki. Unabaki na mngurumo na mluzi. Kuna vijana wa rika langu wanaosema benga ni muziki wa kelele, na siwalaumu: wameisikia kwenye matatu na kwenye wufa, basi. Ni kama kusoma kitabu kilichomwagikiwa chai kila ukurasa, halafu useme mwandishi hajui kuandika.

Kwa hivyo ukienda kununua, beba wimbo unaoujua kila kona, na umwambie muuzaji apunguze sauti. Atashangaa, kwa sababu wengi huomba aongeze. Kama besi bado inafuatika ikiwa chini, endelea kuongea bei. Uliza wati za mfululizo kwenye omu 8, na akikujibu kwa PMPO, sonjea duka lingine.

Mitumba ndiyo njia ya mfuko mdogo, lakini soma mgongo wa chombo kabla ya kulipa. Zilizotengenezewa soko la Japani zinataka volti 100, na hapa ukuta una 240. Bila transfoma utanusa moshi. Zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza, mara nyingi ni uchafu tu na fundi atakisafisha. Mngurumo usiokoma hata sauti ikiwa sufuri ni shida zaidi, huenda kapasita zimechoka, na bei inapaswa kushuka. Na ukibahatika kupata 3020 yenyewe, angalia nyuma kama kuna vyuma viwili vidogo vilivyopindwa kama U. Vinaunganisha zile nusu mbili. Vikipotea, chombo kitawaka vizuri kabisa na hutasikia kitu.